Ndara ya Kwanza

Kulikuwa na nchi, na ilikuwa yetu wenyewe, hatuna wa kumsingizia. Jina lake Jamhuri ya Tuliambiwa. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wachoraji ramani walikuja, wakakaribishwa chumba cha kungojea mpaka waziri amalize kikao, na habari tulizonazo ni kwamba kikao kinaendelea vizuri.

Ilikuwa nchi ya amani kupita kiasi, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali. Na hakuna aliyeuliza kwa sababu kuuliza kunataka kunyoosha mkono, na kunyoosha mkono mmoja kwetu sisi ni uhaini. Mwanafunzi akibanwa na haja hukohoa, na mwalimu anapima uzito wa haja kwa uzito wa kikohozi. Wabunge wanaokubali hoja hupiga miayo, na hoja zote hupita. Golikipa wa timu ya taifa hudaka kwa kifua. Tumefungwa na kila nchi yenye mpira, na mbili zisizo nao. Viongozi wa dini nao hawakutuacha gizani. Sheikh Mkuu wa Serikali alitoa fatwa kwamba mikono miwili katika dua ni ibada, mkono mmoja ni uasi. Askofu Mkuu wa Serikali akasema hayo hayo kwa Kilatini. Ukiacha suala la magari ya serikali, hilo ndilo jambo pekee wale wawili walilowahi kukubaliana.

Chanzo kilikuwa kimoja. Siku taifa lilipozaliwa, miaka thelathini nyuma, Baba wa Kwanza akiwa tayari kutuhutubia, mtu mmoja alinyoosha mkono katikati ya umati akasema neno. Neno gani? Ala! Wewe nawe! Halisemeki. Vitabu vyote vinasema halisemeki, na sisi tuliambiwa tukaamini. Mtu yule alitiwa gerezani, na baada ya miaka kumi akasamehewa kwa masharti mawili. La kwanza, mkono wake wa kulia uvishwe mfuko wa kitambaa wenye nembo ya taifa, asiuvue maisha yake yote. La pili, kila ikifika siku hiyo aketi kwenye kona ya Mtaa wa Shukrani, wananchi wapite wamtupie ndara. Ndara moja kila mtu. Viatu vya ngozi ni marufuku, maana sisi si wakatili.

Hiyo ndiyo Siku ya Ndara. Watu hukutana njiani wakiwa wamevaa vizuri. Mmoja anasema, "Usinyooshe mkono!" na mwenzake anaitika, "Wala kidole!" Kisha wanakumbatiana na kwenda kumpiga mzee.

*

Sasa mtu wetu ni Mursali Mtondoo, Mwandishi Mkuu wa Hotuba za Serikali, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, kitambi cha heshima, na kidole kidogo cha mkono wa kulia kilichopinda. Kidole hicho alikiumiza akimfungulia waziri mlango wa gari. Waziri aliufunga kabla Mtondoo hajatoa mkono. Kikaunga vibaya, kikakaa kama ndoano, naye akawa anakionyesha kwa wageni sebuleni jinsi wengine wanavyoonyesha nishani.

Mtondoo ndiye aliyetunga *Kitabu cha Shukrani*, kinachosomwa kuanzia chekechea hadi chuo kikuu, na sura ndefu kuliko zote ni ya Mhaini. Aliieleza siku ile kama aliyeshuhudia: jua lilivyosimama, ndege walivyonyamaza, umati ulivyolia. Kweli yenyewe ni kwamba siku ile, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, alilala nyumbani kifudifudi kwa sababu ya jipu lililoota mahali pa kukalia. Lakini jipu haliingii kwenye historia. Aliandika kwa machozi, akapandishwa cheo, na kila mwaka akapewa heshima ya kutupa ndara ya kwanza.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumtia kasoro, binti yake wa pekee, Salha. Alipokuwa na miaka saba alipelekwa kwenye kona, akapewa ndara yake ndogo ya waridi, akagoma kuitupa. Alimtazama mzee akamuuliza, "Babu, kwani ulisema nini?" Mtondoo alimvuta haraka kabla mzee hajafumbua mdomo. Njiani mtoto akauliza tena, na tena. "Maneno machafu," baba akamjibu. "Machafu gani?" Mtondoo alimnunulia barafu ya ukwaju ili mdomo wake upate kazi.

Asubuhi ya sherehe za miaka thelathini, Mtondoo aliamka na mambo mawili kichwani. La kwanza lilikuwa safari nyeti ya kitaifa, ambayo nitaieleza. La pili lilikuwa kubwa zaidi: Salha alikuwa anaolewa siku hiyo hiyo, baada ya sala ya alasiri.

"Baba," alisema Salha akiwa ameketi kitako, miguu na mikono imejaa hina mbichi, "safari hii haina siku nyingine?"

"Mwanangu, ni agizo la Mheshimiwa Mlezi. Nitarudi adhuhuri."

"Mimi nasema hivi, usipokuwepo, Baba Mkubwa hataniozesha. Naosha hii hina, narudi zangu kulala. Waalikwa wale pilau waende."

Baba Mkubwa alikuwa Hamdani, kaka yake Mtondoo, ambaye alizoea kutangaza mbele za watu kwamba kuandika hotuba si kazi, ni maradhi. Tena alipata kusema kwamba yule mzee wa kwenye kona ana masikio ya ukoo wao. Mtondoo alimnunia mwezi mzima. Kufikiria Hamdani amekaa mbele ya sheikh, amemshika bwana harusi mkono, anasema "nimekuozesha", kulimfanya afunge vifungo vya shati kombo.

"Nitakuwepo," alisema. "Hata kama itabidi nije kwa miguu."

*

Alipitia kwenye kona kwanza, maana ndara ya kwanza ilikuwa yake. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, na siku hiyo, ajabu, alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, ndevu amezichana. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wake kama kawaida.

"Usinyooshe mkono," mzee alimwambia.

"Wala kidole!" Mtondoo akaitika kwa furaha, kwa sauti ya kusikika na wapiga picha.

"Sikusalimii, bwana. Nakwambia. Leo usinyooshe mkono."

"Wala kidole, mzee! Wala kidole!" Akacheka, akalenga, akampiga ndara ya bega. Watu wakashangilia. Mzee naye alicheka, kama alivyocheka kila mwaka. Kicheko hicho kilikuwa kikimkera Mtondoo, kwa maana kilifanana na cha mtu anayejua mwisho wa kichekesho.

"Haya, nenda," mzee akasema huku akijipangusa. "Tutaonana harusini."

"Nani kakualika?" Mtondoo akauliza, lakini gari la serikali lilikuwa limeshapiga honi.

*

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Nchi moja rafiki ilitupa zawadi ya mashine ya kusafiri katika wakati. Ilikuwa kama kontena la bluu, na kwa kuwa maelezo yake yaliandikwa kwa lugha ya hao marafiki, tuliitumia miaka kadhaa kuhifadhia viti vya plastiki na mahema ya sherehe. Siku moja mlinzi aliingia kujikinga mvua, akatoka na ndevu za wiki nzima, ndipo serikali ikashtuka.

Mashine iliweza kwenda nyuma na kwenda mbele, lakini upande wa mbele uliondolewa vifaa kwa sababu za kiusalama. Huko ndiko kwenye uchaguzi. Tukabaki na nyuma, ambako ndiko tulikozoea.

Mheshimiwa Mlezi, rais wetu wa sasa, aliipatia kazi mara moja. Wapinzani walikuwa wakinong'ona kwamba Baba wa Kwanza hakuwahi kumtaja popote. Basi ujumbe uende siku ya kuzaliwa taifa, umwombe Baba wa Kwanza aingize sentensi moja katika hotuba yake: "Nyuma yangu anakuja mmoja mwenye kipara king'aacho, huyo mtiini, yeye na mwanawe." Sentensi ilitungwa na Mtondoo, naye aliikariri. Sheikh Mkuu na Askofu Mkuu wangeshuhudia, ili tukirudi iwe ni unabii, na anayepinga unabii tunajua mahali pa kumweka.

Kiongozi wa msafara alikuwa Mheshimiwa Daktari Gaudensia Pakacha, Waziri wa Itifaki na Wakati, mama mwenye kilemba kirefu kiasi kwamba mlango wa kontena ulilazimika kutanuliwa.

"Muda unaotumika huko ndio unaotumika huku," alieleza. "Taa ya kijani ikigeuka nyekundu, mlango unajifunga na mashine inarudi yenyewe. Haimngoji mtu."

"Haimngoji hata sheikh?" aliuliza Sheikh Abdulwakil, ambaye ndiye aliyekuwa afungishe ndoa ya Salha.

"Haijui sheikh."

"Na askofu je?" aliuliza Baba Askofu Polikarpo.

"Sheikh kapewa jibu lake, Baba."

Walibishana kidogo nani aingie kwanza, wakakubaliana kuingia pamoja, wakakwama mlangoni. Mtondoo akawasukuma kwa goti.

*

Walitokea kwenye kiwanja cha mpira chenye goli moja. Watu walikuwa wengi, wamekaa majanini, wanacheka, wanatafuna mihogo ya kuchoma. Masufuria ya pilau yalikuwa jikoni pembeni. Hapakuwa na jukwaa, askari wala kamba ya kuwatenga wakubwa. Na jambo lililomfanya Mtondoo atafute askari kwa macho ni kwamba kila dakika mtu alinyoosha mkono, mkono mmoja mzima hadi kwapani, akauliza kitu, akajibiwa, akaushusha. Hakuna aliyekufa.

Kijana mwembamba, mwenye koti la kuazima lililoishia juu ya viwiko, aliwakaribisha. Huyo ndiye Baba wa Kwanza. Mtondoo alitaka kupiga magoti lakini alikuta kinyesi cha mbuzi.

"Karibuni, karibuni," alisema kijana. "Mmekuja wakati mzuri. Nasema maneno mawili, tunapandisha bendera, tunakula."

Mheshimiwa Pakacha alishika kifua. "Maneno mawili? Na itifaki?"

"Itifaki ndiyo nini?"

Lo! Laiti mama yule angesema "si kitu". Lakini alikuwa waziri, na swali lilikuwa la wizara yake. Alichukua bomba la bati walilokuwa wakisemea, akapanda juu ya kreti la soda, akasafisha koo.

"Kabla sijasema chochote, naomba nisimame kwenye itifaki."

Akasimama kwenye itifaki. Akamtambua Baba wa Kwanza, akamtambua mama yake Baba wa Kwanza, na shangazi, na aliyeazimisha koti. Akawatambua wapishi kwa vyeo ambavyo aliwapa papo hapo: Mpishi Mkuu, Kaimu Mpishi Mkuu, Mpishi wa Kuni. Kila aliyetambuliwa alisimama, akapunga mikono miwili, akaombwa "asalimie kidogo tu". Mpishi wa Kuni alisalimia kidogo tu mpaka kuni zikazima. Kisha Baba Askofu akaomba sala fupi ya kufungua. Aliombea taifa, mvua, mifugo, majirani wa mashariki, majirani wa magharibi. Sheikh Abdulwakil, aliyechukizwa kuwekwa wa pili, aliomba dua iliyopita kote alikopita askofu, akaongeza kaskazini na kusini. Askofu akakumbuka kwamba alisahau yatima. Sheikh akakumbuka wajane.

Jua lilipita utosini. Mtondoo alitazama taa ya kontena: ilikuwa ya njano.

Kwa mawazo alimwona Salha ameketi na hina yake, akisikiliza kila mlango unaogongwa. Alimwona Hamdani akinyoosha kofia kwenye kioo. Basi akafanya alichozoea kwa miaka thelathini, akakohoa. Mama aliyeketi jirani yake akampa maji. Akakohoa kwa nguvu zaidi, kikohozi cha haja kubwa. Watu wawili wakampiga mgongoni. Akapiga mwayo wa kibunge, mrefu na wa dhati, mama yule akamwambia, "Pole, hukulala?"

"Nataka kusema jambo," Mtondoo alinong'ona, karibu analia.

"Si unyooshe mkono, kaka? Hapa ndivyo tunavyofanya."

Na kwa kuwa lilisemwa kwa upole, na lilikuwa jambo rahisi, na mtoto wake alikuwa anamngoja, Mursali Mtondoo akanyoosha mkono.

"Waheshimiwa, samahani," alisema. "Naomba tufupishe. Binti yangu anaolewa leo."

Wananchi walicheka kwa wema, wengine wakaanza kupiga makofi. Lakini juu ya kreti Mheshimiwa Pakacha aliona mkono mmoja hewani, na miaka yote ya kazi ikamtoka kwa mkupuo.

"Mhaini!" alipiga kelele kwenye bomba. "Mkamateni!"

Kicheko kilikatika. Mpishi Mkuu na Kaimu wake, ambao tangu wapewe vyeo walikuwa wanatafuta pa kuvitumia, wakamshika Mtondoo kila mmoja bega lake. Baba wa Kwanza alishangaa.

"Kwa kosa gani?"

"Kanyoosha mkono," waziri alijibu, akihema.

"Hilo ni kosa?"

"Kwetu hakuna kubwa kuliko hilo, Baba."

Kijana aligeuka kuutazama umati. Umati ulikuwa kimya. Waliokuwa wamenyoosha mikono walikuwa wanaishusha polepole, wengine wanaificha chini ya khanga. Alitazama kimya kile kwa muda, kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya katika nyumba yake mwenyewe.

"Kumbe inawezekana," alisema.

Akavuta koti, akapanda kwenye kreti, akachukua bomba. Waziri alimnong'oneza ile sentensi ya nyuma yangu anakuja mmoja. "Nyuma yangu?" aliuliza. "Kwani mimi naenda wapi?" Na akaanza kuhutubia. Pilau iliungua, na hakuna aliyethubutu kuitaja.

Taa ya kontena iligeuka nyekundu. Waziri alikimbia ameshika kilemba, sheikh na askofu wakikimbia nyuma yake wameinua kanzu. Safari hii hawakubishana mlangoni. "Sheikh!" Mtondoo aliita. "Sheikh Abdulwakil, nisubirini!" Sheikh aligeuka, akamwona, akaingia ndani. Kontena likatoweka na viti vyetu vya plastiki.

Mtondoo alibaki ameshikwa, mkono bado uko juu, ameusahau huko. Aliutazama. Alikitazama kidole kilichopinda kama ndoano. Ndipo alipokumbuka jua lilivyosimama, ndege walivyonyamaza. "Salaala," alisema. "Ni mimi."

*

Mahakamani alisema kweli tupu, kwamba yeye anatoka miaka thelathini mbele, ni mtumishi mwandamizi, na ana harusi. Aliongezewa kosa la kutoka katika tarehe isiyotambuliwa.

Miaka kumi ya gereza alijifunza mambo ambayo hakuyaandika kitabuni, kwa mfano kwamba uji wa gerezani hauna sukari na kwamba ukuta hausikilizi hotuba. Alipotolewa wakamvisha mfuko. Siku ya Ndara ya kwanza kabisa, akaja kijana wa miaka ishirini na tisa, shati limechomekewa, karatasi mkononi, anajiinua kwenye vidole vya miguu. Mzee Mtondoo alimwona anakuja, akasema moyoni, jamani, hivi ndivyo nilivyokuwa natembea?

Kijana akasoma matusi yake. Mzee aliyajua yote. Aliona sentensi ya tatu ni ndefu mno, na kwamba ile ya ndege kunyamaza ingekatwa. Kisha ikaja ndara, ya bluu, na aliitambua, maana aliinunua mwenyewe. Akacheka mpaka machozi. Mtu gani duniani amelipia vizuri namna hii kupigwa na yeye mwenyewe?

Alijaribu kusema. "Kijana, mimi ni wewe." Toleo lililofuata la *Kitabu cha Shukrani* likaongeza aya: hata baada ya kusamehewa, mhaini huendelea kuwavunjia heshima viongozi. Mwaka mwingine alimwambia habari za jipu, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Kijana aligeuka rangi, akatupa ndara mbili, kinyume cha sheria. Mzee alimsamehe, maana angefanya vivyo hivyo, tena alishafanya.

Hakuhama kwenye kona ile. Angekwenda wapi, na nyumba yake ni ile pale ng'ambo ya barabara? Alimwona mkewe, Bi. Mwanaidi, akija bibi harusi. Bi. Mwanaidi alimletea sahani ya chakula kwa siri mara nyingi, akasema hajui kwa nini anamwonea huruma mzee huyu anayekula kwa kelele kama mume wake. Alisikia kilio cha kwanza cha Salha kupitia dirishani, akalia naye. Alimpa kashata akienda shule. Na ile siku ya ndara ya waridi, mtoto alipomuuliza ulisema nini, jibu lilifika mpaka kwenye ulimi, kisha baba yake akamvuta. Baba yake, yule mpumbavu mwenye kitambi! Hakuna alichojutia kama hicho. Gereza alishalizoea, na ndara hazimuumizi mtu, lakini swali la mtoto wake lilikuwa halijajibiwa.

Kwa hiyo alingoja. Siku zikapita moja moja, kwa njia ya kawaida isiyohitaji kontena. Asubuhi ya leo aliazima pasi, akanyoosha kanzu, akamwonya yule mwingine kwa mara ya mwisho. Na yule mwingine akamjibu, "Wala kidole!"

*

Baada ya alasiri, kwenye ua wa nyumba ya Mtondoo, wanaume walijaa mikekani. Sheikh Abdulwakil alifika amechelewa, pindo la joho lina majani makavu ambayo hayaoti tena nchini mwetu. Baba Askofu alikuwepo pia, kwa ajili ya pilau. Walikuwa wameshatangaza redioni kwamba unabii umesikika, kila mmoja kwa lugha ya dini yake.

"Bwana Mtondoo," Sheikh alisema bila kumtazama mtu usoni, "amebakizwa na kazi ya taifa. Kaka yake yupo. Tuendelee."

Hamdani alijisogeza mbele, kofia imekaa sawasawa. Ndani, nyuma ya pazia, kishindo kikasikika na sauti ya Bi. Mwanaidi: "Salha! Salha, weka hilo beseni!" Maana bibi harusi alikuwa ameshachota maji ya kuoshea hina.

"Narudia," Sheikh akasema kwa haraka, "walii wa bibi harusi ni nani?"

Mlangoni kabisa, karibu na rundo la ndara zilizovuliwa na waalikwa, mzee wa kwenye kona alikuwa ameketi. Watu walikuwa wamemwona, wakajifanya hawajamwona, kwa kuwa zamu yake ya kupigwa ilikwisha asubuhi. Alifungua kamba ya mfuko kwa meno. Akauvua mfuko, akaukunja vizuri, nembo juu. Akanyoosha mkono.

Mwalikwa mmoja alinyakua ndara kwa mazoea, akabaki nayo.

"Mimi," mzee alisema. "Sheikh, unanijua?"

Sheikh Abdulwakil aliutazama mkono, akaona kidole. Angeweza kusema hamjui. Mashehe wa serikali wamesema makubwa kuliko hayo na wakalala usingizi. Lakini alikuwa ametoka kumwacha mtu huyu, saa chache tu nyuma, akiita jina lake, na sauti hiyo ilikuwa bado imo masikioni.

"Namjua," alisema chini kwa chini. "Nilimwacha leo mchana. Astaghfirullah, nilimwacha."

"Dini yenu inataka mashahidi wawili," Baba Askofu alisema kutoka upande wa sufuria. Aliweka sahani chini. "Wa pili ni mimi."

Pazia likafunguka. Salha alitoka, hina bado haijaoshwa, beseni mkononi. Alikitazama kile kidole alichokuwa akikishika akivuka barabara, akautazama uso wenye ndevu nyeupe.

"Baba?"

"Nimechelewa?"

"Hujachelewa. Umepitia wapi?"

"Njia ndefu kidogo."

Bi. Mwanaidi alitokeza nyuma yake, akamkagua mumewe kutoka miguuni hadi kichwani. "Asubuhi ulitoka hapa na nywele nyeusi," alisema, akaangua kilio. Hamdani, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa na la kusema isipokuwa, "Mimi masikio niliyasema."

Salha aliliweka beseni chini. Alipiga magoti mbele ya mzee, akamtazama kama alivyomtazama siku ile ya ndara ya waridi.

"Baba, kwani ulisema nini?"

"Nilisema tufupishe," Mtondoo akajibu. "Binti yangu anaolewa leo."

Watu walingoja. Walidhani kuna zaidi. Walipoelewa kwamba hakuna zaidi, kwamba ndilo hilo lenyewe, wengi waliinamisha macho kwenye mikeka, na yule mwenye ndara akairudisha kwenye rundo, akaipanga na mwenzake.

Salha alirudi nyuma ya pazia. Mtondoo akakaa mbele, mahali pake, akamshika bwana harusi mkono. Sheikh akafuta jasho, akasafisha koo, na mazoea yakamshinda.

"Kabla hatujaanza," alisema, "naomba nisimame kwenye itifaki. Kwanza nimtambue…"

Pembeni ya pazia ulitokeza mkono mmoja, umejaa hina hadi kwenye kiwiko, ukanyooka juu kabisa.

"Sheikh," alisema Salha, "tufupishe."

Ndoa ilifungwa, na pilau ilikuwa bado ya moto.